Buti la Mlimani Hupimwa Wakati wa Kushuka

Anayetafuta buti la kupandia mlima hakosi washauri Kilema, chini ya Mlima Kilimanjaro. Marangu ni jirani, na si kazi kumpata kijana aliyebeba mizigo ya wageni hadi kituo cha Kibo, mzee aliyewahi kuongoza misafara, au muuza mtumba anayeapa kwamba buti alilonalo mkononi limemaliza milima ya Ulaya yote. Wasafiri nao walianza kufika huku zamani. Mmisionari Johannes Rebmann alipokelewa na Mangi Masaki, mtawala wa Kilema, mwaka 1848, na hadi leo barabara ya Kilema ndiyo inayopandisha magari kuelekea kituo cha Horombo kupeleka mahitaji na kuteremsha waliozidiwa. Watu wa hapa wanaujua mlima.

Shida ya ushauri wao ni kwamba nusu yake ni kweli. Neno la uongo mtupu halidumu, kwa sababu mtu wa kwanza kulijaribu hurudi analisuta. Linalodumu ni lile linalomfaa mtu mmoja, kwenye njia moja, msimu mmoja, kisha likageuzwa kuwa sheria ya kila mguu. Ninayajibu hapa madai saba ninayoyasikia mara kwa mara vijiweni na kwenye meza za mitumba. Ninayapima yote kwa swali moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: buti hili litanifanyia nini nikiwa nashuka? Kupanda kunachosha mapafu na mapaja. Kushuka ndiko kunakovunja kucha, kunakobandua soli na kutegua vifundo.

Dai la kwanza: "Buti imara ni zito. La jeshi ndilo lenyewe."

Uzito hauthibitishi uimara. Watafiti wa mwendo wa binadamu, wengi wao wakifanya kazi na majeshi, wamepima nguvu anayotumia mtu anapobeba uzito miguuni na anapoubeba mgongoni. Makadirio yanayokubalika ni kwamba kilo moja miguuni humgharimu mtembeaji karibu sawa na kilo tano mgongoni, kwa sababu mguu huinuliwa na kusukumwa mbele kwa kila hatua. Sasa piga hesabu. Jozi ya kilo mbili ikilinganishwa na jozi ya kilo moja na robo, tofauti yake ni robo tatu ya kilo, yaani kama umeongeza karibu kilo nne kwenye begi. Mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, ambaye mzigo wake kwa kanuni hautakiwi kuzidi kilo 20 anajua kilo nne zina maana gani.

Kuhusu jeshi, ni kweli kwamba Luteni Alexander Nyirenda alikuwa askari alipouweka mwenge na bendera kileleni usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Ni kweli pia kwamba Moshi yenyewe ina kiwanda cha Karanga kinachotengeneza mabuti ya ngozi, na ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa vizuri ni mali. Lakini buti la gwaride hutengenezwa kwa ajili ya gwaride. Ligeuze utazame soli. Kama meno yake ni mafupi na yamebanana, tope la mfinyanzi litayajaza katika hatua kumi za kwanza, na kuanzia hapo utakuwa unateleza juu ya tope lako mwenyewe.

Meno hayo yana historia yake. Zamani wapanda milima wa Ulaya walivaa mabuti yaliyopigiliwa misumari ya chuma chini: mazito, yenye kuteleza kwenye jiwe kavu, na yanayopitisha baridi hadi unyayoni. Mwaka 1935 wenzake sita wa Mwitaliano Vitale Bramani walikufa kwa baridi kwenye mlima Punta Rasica. Miaka miwili baadaye alitoa soli ya mpira yenye meno marefu, nayo kampuni ya Vibram imebeba jina lake. Maendeleo makubwa ya buti la mlimani yalipatikana kwa kuondoa chuma. Kwa hiyo chunguza mambo matatu: meno marefu yaliyoachana, mpira unaopanda kuifunika ncha ya mbele, na mishono michache, maana kila mshono ni mahali pa kufumukia. Mizani iache sokoni.

Dai la pili: "Linabana sasa, ukilivaa litaachia."

Hili ndilo dai linaloumiza watu wengi kuliko yote, na lina ukweli kidogo ndani yake. Ngozi huachia kwa upana. Buti la ngozi linalokukumbatia kidogo pembeni, kwenye kifundo cha dole gumba, litalainika baada ya siku kadhaa. Lakini urefu wa buti hauongezeki. Soli haivutiki, na ncha ya mbele imeimarishwa makusudi ili isibonyee. Vidole vikigusa mbele dukani, vitagusa mbele kwenye vituo vya Mandara na Horombo, na kwenye njia yote ya kurudi.

Fikiria siku ya kilele kwenye njia ya Marangu. Unaondoka Kibo, mita 4,720, karibu na usiku wa manane. Unapanda kokoto zinazoteleza hadi Gilman's Point, kisha kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ukifika juu umemaliza nusu ya siku tu, kwa sababu siku hiyohiyo unashuka hadi Horombo, mita 3,720. Umepanda mita 1,175 na kushuka mita 2,175. Kwa kila hatua ya kushuka mguu unasogea mbele ndani ya buti, na uzito wa mwili wote unaisukuma kucha ya dole gumba kwenye ukuta. Maelfu ya hatua kama hizo huleta kucha nyeusi, na baada ya wiki chache kucha hizo hung'oka. Wanaorudi wakichechemea mara nyingi hulaumu mlima, ilhali kosa lilifanyika dukani, siku ya kujaribu.

Jaribio lenyewe halina gharama. Nenda jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama na kutembea, kwa sababu mguu wa jioni umevimba kidogo, na huko juu utavimba pia. Chukua soksi utakazopandia. Vaa buti bila kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kisha jaribu kuingiza kidole kimoja cha mkono nyuma ya kisigino. Kikiingia bila kulazimishwa, urefu unafaa. Sasa rudisha kisigino nyuma, funga kamba, utembee: kisigino kisiinuke. Mwisho tafuta mteremko. Kama duka halina ngazi, toka nje utafute ngazi au ukingo wa mtaro. Shuka kwa nguvu, piga breki ghafla. Vidole vikigonga, rudisha buti mezani hata kama muuzaji ameshaanza kulifunga kwenye mfuko.

Angalia pia namba. Mabuti ya mtumba hutoka nchi mbalimbali, na namba 8 ya Uingereza ni sawa na karibu 9 ya Marekani kwa viatu vya kiume. Anayenunua kwa kusoma ulimi wa buti bila kuvaa ananunua namba, na mguu wake haumo katika biashara hiyo.

Dai la tatu: "Nunua lisilopitisha maji, mguu utabaki mkavu."

Mabuti mengi ya kisasa yana utando mwembamba ndani, maarufu zaidi ukiwa Gore-Tex, wenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Utando huo unafanya kazi. Swali ni wapi.

Kwenye baridi na unyevu wa kule juu, ambako mvua huweza kugeuka theluji, utando ni msaada mkubwa. Buti lililolowa huganda, na mguu ulio ndani yake uko hatarini. Lakini huku chini, kwenye msitu na migomba, hali ni nyingine. Wakati wa masika maji hayasubiri kupita kwenye ngozi, huingia kwa juu, kwenye shingo ya buti, unapovuka mfongo, yaani mfereji wa maji, uliofurika au kupita kwenye majani marefu yaliyolowa. Yakishaingia, utando uleule uliozuia maji kuingia unayazuia kutoka. Buti la namna hiyo huchukua muda mrefu kukauka, wakati kiatu cha kitambaa hukauka unapotembea. Halafu kuna jasho. Mvuke hutoka vizuri pale ambapo ndani kuna joto na nje kuna ubaridi mkavu, na hutoka kwa shida kwenye msitu wenye joto na unyevunyevu.

Kwa hiyo dai hili ni kweli kuanzia Horombo kwenda juu, na lina walakini chini ya Mandara. Anayetaka jozi moja kwa safari yote achague yenye utando, kisha avae gaita, yaani kile kitambaa kigumu kinachofungwa kuanzia buti hadi kwenye ugoko. Gaita huzuia maji ya juu, na kwenye kokoto za kushuka Kibo huzuia vijiwe kuingia. Ni kifaa cha bei ndogo kinachokamilisha kazi ambayo buti la bei kubwa haliwezi kuifanya peke yake.

Neno moja kuhusu kukausha: usiliweke buti karibu na moto. Jikoni Kilema kuna joto la kutosha wakati wa baridi, na kishawishi ni kikubwa. Joto hulainisha gundi ya soli na kuipasua ngozi. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha yanapolowa, na liache kivulini penye upepo.

Dai la nne: "Buti refu halikuachi uteguke."

Buti linalofunika kifundo hukukinga na mawe yanayogonga, miiba, matope na baridi. Hizo ni sababu za kutosha za kulipenda. Kukinga dhidi ya kuteguka ni jambo jingine. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wachezaji zaidi ya 600 wa mpira wa kikapu waliovaa viatu virefu na vifupi, na hawakuona tofauti ya maana katika kuteguka. Uwanja wa kikapu si mlima, lakini wazo kwamba ngozi laini shingoni inaweza kuzuia uzito wa mtu na begi lake usipinduke halina msingi mkubwa.

Kinachozuia kuteguka kiko chini: soli pana isiyopinduka, kisigino kilichoshikwa imara, na misuli iliyozoea. Shika buti kisiginoni na kwenye ncha, ulikamue kama unavyokamua nguo. Likijikunja kirahisi katikati, halitakutuliza juu ya mawe. Kisha jifunze kufunga kamba. Wakati wa kupanda legeza sehemu ya juu ili kifundo kikunjike. Kabla ya kushuka, kaza kamba pale mguu unapokunjikia, piga fundo la kuzuia hapohapo, halafu endelea juu. Fundo hilo hushikilia mguu nyuma usiende kugonga mbele. Ni kazi ya dakika mbili, na inaokoa kucha kuliko buti refu lolote.

Dai la tano: "Mtumba wa Ulaya ni bora kuliko jipya la dukani."

Kwenye masoko ya Kiboriloni na Memorial kuna mabuti mazuri, na bei yake ndiyo imewapandisha vijana wengi mlimani. Sipingi mtumba. Ninapinga kuamini kwamba jina kubwa na ngozi inayong'aa vinatosha.

Buti la kisasa lina soli ya nje ya mpira, na juu yake, katikati, tabaka la povu linalomeza mishindo. Katika mabuti mengi povu hilo ni poliyurethani. Ni povu zuri, halichoki haraka kwa kukanyagwa, lakini lina adui mmoja: unyevu wa hewa. Taratibu, mwaka baada ya mwaka, unyevu huvunja muundo wake, hata kama buti limekaa kabatini bila kuvaliwa. Watengenezaji wenyewe huonya kwamba baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya mitano na kumi, povu hilo linaweza kumeguka. Kinachoshangaza ni kwamba buti lililokaa tu huweza kuharibika mapema kuliko lililovaliwa mara kwa mara.

Sasa fikiria safari ya buti la mtumba. Mtu wa Ulaya alilinunua, akapanda nalo mara mbili, likakaa stoo miaka minane. Akalitoa, likafungwa kwenye robota, likasafiri kwa meli katika kontena lenye joto, likafika pwani yenye unyevu, likapandishwa Moshi. Ngozi ni mpya, meno ya soli ni marefu, muuzaji anakwambia, "Mangi, hili halijavaliwa." Anasema kweli, na ukweli huo ndio wa kuogopa. Siku ya tatu ya safari soli inajitenga kama ganda la ndizi, kule ambako hakuna fundi wala duka.

Kabla ya kulipa, bonyeza tabaka la katikati kwa ukucha wa dole gumba. Likiacha shimo lisilorudi, likitoa unga, au likiwa na nyufa nyembamba kama za ukuta mkavu, liache. Likunje buti mara kadhaa kwa nguvu huku ukitazama pale soli inapokutana na ngozi. Tazama ndani ya ulimi kama kuna tarehe ya kutengenezwa. Buti ambalo soli yake imeshonwa kwa uzi unaoonekana pembeni lina nafuu, kwa sababu fundi viatu anaweza kulifumua na kulitia soli nyingine. Na hata baada ya kulinunua, mpelekee fundi akushonee soli pande zote kwa uzi wa nailoni. Gharama yake ni ndogo, na hata povu likilegea, uzi unaweza kukufikisha chini.

Dai la sita: "Wagumu wanapanda na raba. Buti ni anasa ya wazungu."

Dai hili lina fahari ndani yake, na fahari hiyo ina haki. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, msafara wao ulitegemea miguu ya Waafrika. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kwa kuwaonyesha njia, na Mwini Amani wa Pangani alibaki kwenye kambi ya juu, kwenye baridi, akiwasubiri. Kusema kwamba bila buti la bei kubwa mtu hawezi mlima ni kuwatukana watu hao.

Kuna ushahidi wa mbali pia. Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa Kimarekani wa miaka 67, aliitembea peke yake njia ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba za turubai. Kwenye njia ya udongo, na mzigo mwepesi, raba nzuri yenye meno inatosha, na mara nyingi inashinda buti. Kutoka geti la Marangu hadi Mandara, mita 2,720, sina ugomvi na raba.

Lakini dai linavuka mipaka linapogeuza ukosefu kuwa uchaguzi. Mgumu aliyevaa raba iliyotoboka usiku ambao joto limeshuka chini ya sifuri kwa nyuzi kumi au zaidi hakufanya utafiti wa viatu akaona raba ni bora. Alivaa alichonacho. Isitoshe tunamwona yule aliyerudi anatembea. Hatuwahesabu walioacha kazi hiyo kwa sababu ya vidole vilivyokufa ganzi au magoti. Tangu 2003 shirika la KPAP pale Moshi limekuwa likiwaazima wagumu nguo na mabuti ya mlimani bila malipo. Kama raba zingetosha, hakuna ambaye angekuwa na haja ya kwenda kuazima.

Anayemsifu mgumu kwa uvumilivu wake huku akimwacha apande bila buti anamsifu kwa bei rahisi. Na msafiri anayekodi msafara ana swali la kuuliza kabla ya kulipa: vijana watakaobeba mizigo yangu watavaa nini usiku wa Kibo?

Dai la saba: "Baridi ikizidi, ongeza soksi."

Jibu ni fupi. Joto la mguu huletwa na damu, na soksi tatu ndani ya buti lililopimwa kwa soksi moja huibana mishipa isipitishe damu. Mguu unazidi kupoa. Soksi moja nene ya sufu, au nyembamba ya nailoni ndani na nene juu yake, inatosha kama buti lina nafasi. Pamba iache nyumbani: inameza jasho na kulishikilia, na ngozi iliyolowa ikisuguliwa huleta malengelenge. Weka jozi moja kavu kwa ajili ya usiku wa kilele pekee, usiivae kabla.

Pesa ikiwa kidogo

Kwa yote hayo, mwenye pesa chache afanye nini? Aweke kwanza pesa kwenye kipimo sahihi cha mguu, pili kwenye soli, tatu kwenye soksi. Utando, jina na rangi vije mwisho. Kama anapanda mara moja tu maishani, Moshi na Marangu kuna wanaokodisha mabuti. La kukodi linalomtosha ni bora kuliko la kununua linalombana, mradi alichukue siku chache kabla, siyo asubuhi ya safari getini.

Kisha alijaribu mahali ambapo hakuna ada ya hifadhi. Njia zetu za kutoka Kilema ya juu kushuka kupitia vihambani, yaani mashamba yetu ya migomba, hadi tambarare zina kila kitu: udongo mwekundu unaoteleza, mawe, mizizi, mifongo ya kuruka na mteremko usiokwisha. Apakie begi mzigo uleule atakaoubeba, ashuke, apande, ashuke tena, mara kadhaa kwa majuma mawili matatu. Lengelenge likitokea huku, atalala kwake na kesho atabadilisha soksi, kamba au buti lenyewe. Likitokea Kibo, hana cha kubadilisha.

Na akikutana tena na mshauri anayejua buti lililo bora kuliko yote, amuulize mambo mawili tu: bora kwa mguu wa nani, na lilishuka wapi likiwa na mzigo wa kilo ngapi? Asiye na majibu hayo bado hajasema lolote kuhusu buti.